Unahama na una Subaru unayoipenda? Anza na gari, mizigo itafuata

Hii naiandika kwa mtu ambaye barua ya chuo au ya kazi imeshatoka, anajua mwezi fulani anaondoka, na pale getini kuna gari ambayo hakuinunua kwa ajili ya kwendea kazini tu. Mimi yangu ni Impreza WRX ya 2006, gia tano za mkono, injini EJ205 yenye tabo, cc 1994, ule mngurumo wa boksa, yaani injini ambayo pistoni zake zimelala kushoto na kulia, ambao majirani wanausikia kabla sijakata kona. Nimeshahama mara mbili nikiwa nayo. Mara ya kwanza nilihamishiwa Mwanza miezi kumi na moja nikaiacha Dar, mara ya pili nilienda kusoma Glasgow karibu miaka miwili. Ya kwanza niliikosea na iliniuma sana, ya pili niliikuta nzima kabisa, na tofauti haikuwa hela, tofauti ilikuwa ni lini nilianza kuishughulikia.

Ile ya Mwanza nilianza kuishughulikia gari siku mbili kabla ya safari. Nilikuwa nimemaliza kuaga, nimemaliza kufunga vitu, ndo nikakumbuka gari, nikaipaki Mbezi Beach kwa rafiki, nyumba haiko mbali na bahari, nikavuta handibreki mpaka juu, nikaifunika kava la nailoni nikajua nimeilinda. Niliporudi handibreki ilikuwa imeganda, siti na usukani vimeota ukungu mweupe, betri imekufa haipokei hata chaji, panya wamekata waya za nozeli mbili, mafuta ndani ya tenki yananuka kama vanishi, na rangi ya boneti imekwaruzwa na lile kava maana upepo ulikuwa unalisugua kila siku. Na hiyo ni miezi kumi na moja tu.

Kwahiyo kama una miezi mitatu kabla ya kuondoka, gari iwe ya kwanza kwenye orodha, kabla ya mabegi, kabla ya kuuza friji na makochi. Friji utauza hata siku ya mwisho, gari hapana.

Kwanza jiulize unaenda kwa muda gani, na ujijibu ukweli

Hapa watu wengi tunajidanganya. Mtu anakwambia naenda mwaka mmoja narudi, huku moyoni anajua akipata kazi kule harudi leo wala kesho. Gari haijui mipango ya moyoni, inajua miezi. Mimi naona hivi: chini ya mwaka, itunze, ila iandae vizuri. Mwaka mpaka miaka miwili, itunze ikiwa tu una sehemu nzuri NA mtu, vyote viwili, kimoja hakitoshi. Ikizidi miaka mitatu au hujui kabisa, iuze ikiwa bado inakimbia na wewe mwenyewe uko hapa wa kumwelezea mnunuzi. Najua inauma kusoma hivyo, lakini gari iliyouzwa ikaenda kwa mtu anayeijali ni bora mara mia kuliko ile inayooza chini ya mwembe huku unaonyeshwa picha zake kwenye simu.

Piga hesabu ya kuitunza ukiwa na kalamu kabisa. Sehemu ya kuiweka, posho ya anayeiangalia, bima, sevisi moja kabla na moja baada, betri, pengine tairi nne ukirudi. Kitu kimoja kizuri kwa sisi wa Tanzania ni kwamba ile rodi laisensi ya kila mwaka iliondolewa 2017 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwahiyo gari ikiwa imesimama hailimbikizi deni la namna hiyo. Bima ni habari nyingine. Usikimbilie kushusha toka bima kubwa kwenda bima ndogo kisa gari haitembei, maana bima ndogo inalipa hasara uliyomsababishia mtu mwingine, moto ukitokea hapo ilipopaki au ikaibiwa hupati kitu. Nenda kwa kampuni yako uwaambie kwa maandishi gari inahamia wapi, itaendeshwa na nani na mara ngapi, na uwaulize kama wana bima ya moto na wizi peke yake. Ukinyamaza ukaja kudai baadae utaulizwa mbona hukusema.

Kuisafirisha uende nayo

Hili wazo linamjia kila mtu, na mimi lilinijia kwa nguvu sana, sababu nilikuwa naenda Scotland, nchi aliyotoka Colin McRae, yule aliyechukua ubingwa wa dunia wa rali 1995 akiwa na Impreza na 1997 akaja kushinda Safari Rally hapo Kenya na Impreza pia. Nikajiona naendesha gari yangu kwenye barabara zake, na Uingereza wanaendesha kushoto kama sisi, usukani uko upande wetu. Nikakaa usiku nasoma masharti. Kuingiza gari bila ushuru kama mtu anayehamia, lazima uwe umeishi nje ya Uingereza angalau miezi 12 mfululizo, gari uwe umeimiliki na kuitumia angalau miezi 6, na ukishaiingiza huruhusiwi kuiuza, kuiazimisha wala kuikodisha ndani ya miezi 12 ya mwanzo. Hayo yote ningeyatimiza.

Kilichonifanya niache ni chumvi. Kule baridi ikianza wanamwaga chumvi barabarani ili barafu isishike, na ile chumvi inaingia chini ya bodi, kwenye matao ya magurudumu, kwenye mabomba ya breki. Gari iliyokaa Japani halafu Dar haijapakwa kinga ya kutosha chini, majira mawili tu ya baridi yangeimaliza. Pia ukitoa gari nchini moja kwa moja halafu ukataka kuirudisha, usidhani itapita bandarini bure kwa sababu ilikuwa yako, mwone wakala wa forodha kabla haijaingia kwenye kontena.

Kama unaenda kwingine angalia umri wa gari kwanza, kabla ya bei ya meli. Kenya hawasajili gari iliyotumika iliyozidi miaka 8, kwahiyo ya 2006 kuhamia nayo Nairobi ukaweka namba zao, sahau. Canada inakubali gari ya nje ikishafika miaka 15, Marekani mpaka ifike miaka 25. Hizo mbili wanaendesha kulia, na wao kwenye chumvi ya barabarani ni hodari vilevile.

Ukiamua kuiuza

Tangaza miezi mitatu kabla, na usimwambie mtu yeyote tarehe yako ya ndege. Dalali akijua unaondoka Alhamisi, bei yako ni ya Jumatano usiku. Rudisha vitu vya asili kama unavyo, ekzosi, shokapu, filta boksi, kisha zile spesho uziuze pembeni kwa wenye WRX wenzako, utapata zaidi kuliko kuziacha juu ya gari, maana mnunuzi wa kawaida anaogopa gari iliyochezewa.

Mwache mnunuzi aje na fundi wake, mpe risiti zote, mwambie na ubovu wote unaoujua. Kuhusu kujaribu, endesha wewe kwanza yeye akae pembeni, akishaonyesha hela ni kweli ndo ashike usukani. Hela iingie benki uione kwa macho yako, kisha mwende wote TRA kubadilisha jina. Hapa nakuomba sana usilegee. Usimpe mtu gari kwa maneno ya "nitamalizia kidogo kidogo kaka, wewe nenda tu salama". Jina likibaki lako, faini zote za barabarani zinakuja kwenye namba yako, ajali ikitokea unatafutwa wewe, na uko maili elfu kadhaa huwezi hata kwenda kituoni kujieleza. Kama muda ni mfupi kweli, andika hati ya uwakilishi kwa wakili, ile wanaiita pawa ofu atoni, umpe ndugu unayemwamini akamilishe, iseme waziwazi anaruhusiwa kufanya nini na kwa gari ya namba gani.

Sehemu, halafu mtu

Adui mkubwa wa gari ya Dar ni hewa. Joto, unyevu na chumvi ya bahari, vyote kwa pamoja, mwaka mzima. Ndo maana safari ya Glasgow niliamua gari isikae Dar kabisa. Mjomba wangu yuko Dodoma, kama kilomita 450 toka Dar, juu mita elfu na kitu, mvua ni msimu mmoja tu kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, miezi iliyobaki ni pakavu. Kule unashindana na vumbi, na vumbi linafutika. Kama huna mtu Dodoma fikiria Singida, Iringa, popote pa juu na pakavu ambapo kuna chumba chenye paa, sakafu ya saruji na mlango. Ikibidi ibaki Pwani basi iwe ndani ya gereji inayopitisha hewa, siyo chini ya mti na siyo kwenye uwanja wa kulipia ambako hamna anayekujua.

Mtu sasa. Usimchague anayependa magari sana. Kijana anayeijua WRX ina tabo atataka kuisikia tabo. Mjomba ni dereva mstaafu, kaendesha Land Cruiser za serikali miaka na miaka, anapasha injini kabla ya kuondoka kama vile watu wanavyonawa kabla ya kula. Nilimpigia simu miezi minne kabla.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba, hujambo?"

Nikamweleza yote, akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Na huyu binamu yako akitaka kwenda nayo kwenye harusi?"

"Mjomba nisamehe, hata yeye hapana. Wewe peke yako."

Akanyamaza kidogo, akasema, "Hapo umesema vizuri, maana mimi nisingeweza kumkatalia kwa jina langu, nitamkatalia kwa jina lako." Nilishukuru sana maneno yale. Mpe mtunzaji wako sababu ya kukataa, umbebee wewe lawama, kwa sababu ukishaondoka ndugu na majirani wataomba, na yeye ndo anaishi nao.

Na mlipe. Kila mwezi, tarehe ileile, hata kama ni mjomba, hata kama anakataa. Mimi nilikuwa namtumia ya mafuta na juu yake ya kwake, naziandika tofauti ili asiguse yake kununulia petroli. Yeye kila Jumapili ananitumia picha nne, mbele, nyuma, dashibodi ikionyesha kilomita, na chini ya injini sakafuni kuona kama kuna tone.

Kazi yenyewe ya kuiandaa

Mwezi mmoja kabla, peleka kwa fundi uliyemzoea, yule anayejua boksa, na umalize kila kitu ulichokuwa unakiahirisha. Taimingi belti, ule mkanda unaofanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio, ndo ya kwanza kuangalia. EJ205 ni injini ambayo belti ikikatika valvu zinagonga pistoni, na belti inazeeka kwa miaka pia, siyo kilomita tu, kwahiyo kama imebakiza mwaka mmoja wa maisha na wewe unaondoka miwili, badilisha sasa pamoja na tensheni na pampu ya maji. Mtunzaji wako asije akawa ndo wa kukatikiwa.

Oili badilisha KABLA ya kuipaki, usisubiri ukirudi. Oili iliyotumika ina asidi na maji yatokanayo na kuungua kwa mafuta, ukiiacha imekaa humo mwaka mzima inakula beringi taratibu. Weka mpya na filta mpya, endesha kama nusu saa izunguke kote, ndo uzime. Oili ya breki badilisha pia maana inavuta unyevu toka hewani, ikishajaa maji inachemka upesi na inaozesha kaliper kwa ndani. Kulanti iwe kulanti kweli, siyo maji ya bomba.

Mafuta kwenye tenki yanategemea itatembea au haitatembea. Kama itasimama moja kwa moja, jaza mpaka juu, kwa sababu tenki tupu lina hewa, hewa ina unyevu, na unyevu unaleta kutu, na uweke dawa ya kutunza petroli ukiipata, uendeshe dakika kumi ifike mpaka kwenye nozeli. Petroli ikikaa miezi mingi vile vyepesi ndani yake vinapotea, inayobaki inaganda kama gundi kwenye nozeli. Kama kuna mtu wa kuiendesha basi tenki liwe zaidi ya nusu, na kila mwezi aongeze mapya.

Na hapa kuna kosa ambalo karibu kila mtu anaelekezwa kulifanya, eti mtunzaji awe anawasha gari kila wiki dakika tano. Usikubali. Dakika tano injini haijapata joto, maji yanatengenezwa kwenye ekzosi na ndani ya oili na hayapati muda wa kukauka, betri imetoa nguvu nyingi ya stata haijarudishiwa, na petroli nyingi imeosha oili kwenye kuta za silinda. Ni bora iachwe kimya kabisa kuliko hiyo. Kama inawashwa basi itembee, nusu saa na zaidi, mpaka oili yenyewe ishike moto na siyo mshale wa maji tu. Mjomba mara moja kwa mwezi alikuwa anaitoa mjini mpaka Chamwino na kurudi, AC imewashwa njia nzima ili sili za kompresa zisikauke, klachi na breki zinafanya kazi, tairi zinazunguka. Akirudi anaiacha inaunguruma dakika moja mbili tabo ipoe, ndo anazima. Hiyo tu. Kwa miaka miwili imefanya kama kilomita elfu moja na mia tano.

Betri kwa gari isiyotembea, toa kabisa, anza na hasi, iweke ndani juu ya ubao, ichajiwe kila mwezi. Alamu na kompyuta ya gari zinanyonya kidogo kidogo hata gari ikiwa imefungwa, wiki chache tu imelala. Betri nzima ikishachajiwa inasoma kama volti 12.6, ikikaa chini ya 12.4 muda mrefu inaanza kuharibika ndani na hairudi tena.

Tairi pandisha upepo mpaka kama 40, zisije zikakaa bapa upande mmoja, weka mbao chini zisikae juu ya saruji yenye unyevu, na kama haitembei basi isukumwe nusu mzunguko kila mwezi. Handibreki USIVUTE. Weka gia ya kwanza, na vigingi mbele na nyuma ya tairi.

Kwa Subaru kuna la ziada la kumwambia mtunzaji, na uliandike. Magurudumu yote manne yanavuta, kwahiyo tairi zote nne lazima ziwe saizi moja na zimelika sawasawa. Pancha ikitokea asifunge tairi lolote alilolipata kwa jirani akaendelea nalo, difu ya katikati itapata moto na kufa. Na ikiharibika njiani isivutwe na breakdown ya kunyanyua magurudumu mawili huku mengine yanaburuzika, ipandishwe yote juu ya lori. Hili fundi wengi wa mikoani hawalijui, siyo kosa lao, hizi gari hawazioni kila siku.

Usafi. Osha chini kwa maji yasiyo ya chumvi, iache juani mchana mzima ikauke kabisa, paka waksi, paka silikoni kwenye raba za milango. Ndani toa kila kitu, hata karatasi ya karanga, futa usukani na gia maana jasho la mikono ndo chakula cha ule ukungu. Acha madirisha wazi kiasi cha unene wa kidole kama chumba ni salama. Kava liwe la kitambaa kinachopumua, la nailoni mpe mtu afunikie pikipiki.

Panya. Dodoma pia wapo, hasa baada ya mavuno, kwahiyo gari isikae chumba kimoja na magunia ya mahindi. Ziba ekzosi na mdomo wa filta ya hewa kwa wavu laini wa chuma. Kila ulichoziba, funga utepe mwekundu kwenye usukani ukiwa na karatasi imeandikwa umeziba wapi. Mtu atasahau, utepe hausahau. Na mjomba ana paka wawili, hao nawashukuru kwa dhati.

Makaratasi na picha

Hapa sitarefusha. Piga picha na video gari nzima, chini, ndani, namba ya chesesi, kilomita, siku ya kukabidhi. Kadi halisi ya gari usiiache ndani ya gari, ikae kwa mtu tofauti na anayekaa na gari, mimi ilikaa kwa mama. Funguo ya pili vilevile. Mtunzaji abaki na kopi ya kadi, kopi ya bima, na barua yako fupi yenye sahihi kwamba umemkabidhi, trafiki akimsimamisha aonyeshe. Spea ulizokuwa umenunua, filta, plagi, mkanda, weka kwenye boksi moja buti, maana ukirudi hela itakuwa imeisha na bei zitakuwa zimepanda.

Na gari uipeleke mwenyewe. Usimpe mtu akupelekee kwa sababu uko bize na visa. Nilitoka Dar alfajiri, Morogoro nikanywa chai, taratibu maana hamsini za vijijini ni nyingi na matrafiki wapo, nikafika mchana nikalala pale siku mbili. Nilimwendesha mjomba, kisha akaniendesha, nikamwonyesha klachi inashika wapi, sauti ipi ni ya kawaida na ipi siyo. Asubuhi ya kuondoka nikapanda basi.

Siku ya kurudi

Usiitie ufunguo na kuondoka kwa furaha. Kama ilikuwa inatembezwa kama yangu, kazi ni ndogo, angalia tarehe ya tairi, namba nne ubavuni, 2319 maana yake wiki ya 23 ya 2019, angalia oili ya breki, angalia mikanda, basi. Kama ilisimama kabisa, toa wavu zote kwanza kwa kufuata karatasi ya utepe. Nyonya mafuta ya zamani, weka mapya. Rudisha betri. Halafu katisha pampu ya mafuta, toa fyuzi yake, piga stata sekunde kama kumi, pumzisha, rudia mpaka taa ya oili izime, ndo urudishe fyuzi uwashe kawaida. Unataka oili ifike kwenye beringi na kwenye tabo kabla moto haujawaka. Iache iungurume yenyewe taratibu, usikanyage mafuta, sikiliza. Breki zitalia mwanzo kwa sababu ya kutu juu ya diski, endesha polepole ukikanyaga kidogo kidogo mpaka zisafike.

Mimi nilifika Dodoma Ijumaa jioni. Mjomba alikuwa ameshaiosha, ameitoa nje, utepe mwekundu ameukunja vizuri juu ya siti pamoja na daftari lenye tarehe zote ishirini na mbili za Chamwino, kilomita na lita. Kesho yake nilishuka Dar polepole, Gairo nikasimama nikashika rimu zote nne kwa mkono kuona kama kuna breki inayoshika. Zote zilikuwa na joto sawa. Nilipofika nikapitia kwa fundi moja kwa moja, tukamwaga oili ikiwa bado ya moto.